Chaneli ya video ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: uposti kila siku, au uposti kilichokamilika? Tujadili kwa hoja

Kipunji:

Kamwene wakuu, ndaga, poleni na baridi.

Mimi kazi yangu ni kurekodi na kuediti video za watu hapa Mbeya, nyingi za kilimo na ufundi. Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza ni hili: nipandishe video kila siku ili nikue, au nikae na video moja mpaka iwe nzuri? Jibu langu halijabadilika. Mtu mwenye simu moja, bando la kununua na kazi nyingine inayomlisha, chaneli yake itakua kwa video zilizokamilika, hata zikiwa mbili tu kwa mwezi. Nimeona vijana wenye kipaji kabisa, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, wanachoka na kuacha kabla watu hawajawafahamu, kisa wameaminishwa kwamba wasipoposti leo basi kesho algoriti, yaani mfumo wa YouTube wa kupendekeza video, inawafuta. Jambo hili linaniuma, kwa hiyo mnivumilie uzi ni mrefu.

Tuanze na hesabu. Ili YouTube wakugawie mapato ya matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiunga na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Kigezo hiki kipo tangu Januari 2018. Sasa masaa 4,000 ni dakika 240,000. Kama video zako ni za kulipua na mtazamaji anaondoka baada ya dakika moja, unahitaji kutazamwa mara 240,000. Mtazamaji huyo huyo akikaa dakika sita, unahitaji mara 40,000. Yaani kumshika mtu dakika tano zaidi kunakupunguzia safari mara sita, na bando lako la kupandishia video linabaki mfukoni.

Kuna njia ya pili, ya Shorts, zile video fupi za YouTube: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Gawanya mwenyewe, inakuja zaidi ya mara 111,000 kwa siku, miezi mitatu mfululizo. Wapo wanaofika, sikatai. Ila wengi wanaoanza hawajui kwamba muda ambao watu wanatazama Shorts kwa kuskroli hauhesabiwi kwenye yale masaa 4,000. Kijana anaposti vipande asubuhi na jioni, anaona watazamaji wanaongezeka, akifungua ukurasa wa mapato anakuta masaa hayajasogea. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Halafu hii hofu ya algoriti. Zamani YouTube walikuwa wanapendekeza video kwa kuangalia imebofywa mara ngapi. Mwaka 2012 wakabadilisha, wakaanza kuupa uzito muda ambao mtu anakaa anatazama. Tangu hapo mfumo umezidi kumfuata mtazamaji: huyu anapenda nini, alimaliza nini, aliacha nini katikati. Wao wenyewe kwenye maelezo yao kwa watayarishaji wanasema ukuaji wa watazamaji hauendi sambamba na urefu wa muda kati ya video moja na nyingine. Ukikaa wiki tatu shambani unapalilia, hakuna adhabu inayokusubiri. Cha kuangalia ni kimoja tu: ukiwa umeshaingia kwenye mpango wa mapato na ukakaa miezi sita au zaidi bila kuweka video wala chapisho lolote, wanaweza kukuzimia mapato. Miezi sita, siyo siku sita.

Niwape mfano wa video moja niliyorekodi Rungwe, kwenye kitalu cha parachichi. Mwenye chaneli alitaka kuonyesha kubebesha Hass kwenye shina la parachichi la kienyeji. Mtandaoni video za namna hiyo zimejaa, na nyingi zina kasoro ile ile: fundi anakata, mkono wake unaziba kisu, halafu kinachofuata ni mche umeshafungwa nailoni. Mkulima anayetazama anataka kuona pale katikati. Tukamwomba fundi arudie kukata, safari hii simu ikiwa upande wa pili, chini karibu na goti lake. Ndiyo tukapata kila kitu: shina la unene wa penseli limekatwa juu na kupasuliwa katikati, kikonyo, yaani kile kijiti cha Hass, kimechongwa pande mbili kama kabari, kimezamishwa, na ganda la kikonyo limekutana na ganda la shina walau upande mmoja. Fundi akasimama hapo, akaweka kidole kwenye ule mstari wa kijani chini ya ganda, akasema hapa pasipokutana umepoteza mche. Hiyo sentensi ndiyo video yenyewe.

Baada ya hapo tukasubiri, maana kikonyo hakichipui kwa sababu wewe una ratiba ya kuposti. Wiki kadhaa baadaye tukarudi kurekodi iliyochipua na iliyokufa. Na iliyokufa ndiyo imebeba video: ukiangalia grafu ya muda wa kutazama kwenye YouTube Studio, mstari unapanda pale kwenye kikonyo kilichogeuka cheusi, maana watu wanarudisha nyuma kuangalia tena. Kila msimu wa kuandaa miche watu wanaitafuta upya na kuikuta, kwa sababu inajibu swali mpaka mwisho. Ingekuwa ni ya kuposti siku ile ile, ingeishia kwenye nailoni kama zile nyingine.

Naposema ubora, tafadhali msifikirie kamera. Simu ya kawaida inatosha kabisa ukipiga na mwanga wa asubuhi. Kinachoua video zetu huku nyanda za juu ni sauti. Kipupwe kikianza, upepo wa Makambako au wa Uyole ukiingia kwenye maiki ya simu husikii neno, na mvua ikinyesha juu ya bati usijaribu hata kuanza. Dawa yake haina gharama: rekodi picha shambani, halafu ingia ndani, funga mlango, jifunike blanketi na simu yako, usimulie upya. Au nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, uivishe kipande cha sponji. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu, sauti ya kukwaruza hatavumilia.

Ubora wa pili ni sekunde za mwanzo. Acha zile salamu ndefu na "usisahau kujiunga". Kama video ni ya kikonyo kinachokufa, anza na kikonyo kilichokufa kikiwa mkononi. Wa tatu ni kichwa cha habari na picha ya jalada kusema ukweli. YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote hubofywa kwa asilimia kati ya 2 na 10 ya mara zinazoonyeshwa, kwa hiyo usipagawe ukiona 4. Ila mtu akibofya kwa kudanganywa ataondoka sekunde ya kumi, na mfumo unaona.

Nawasilisha. Wenye uzoefu tofauti karibuni.

*

Kihesa_Juu:

Mkuu Kipunji, uzi mzuri, ila umeongea kama mtu wa kitalu. Mimi natoa video za michezo na pilika za hapa Iringa mjini. Mechi ikichezwa Samora Jumapili, nikiiweka Alhamisi hakuna anayeitaka, watu wameshabishana wakamaliza. Kwangu kuwahi ndiyo ubora wenyewe. Picha itikisike, sauti iwe ya mashabiki, bora goli lionekane usiku ule ule.

La pili, mkono unajengwa kwa kurudia. Nilipokuwa naposti kila siku ndipo nilipojifunza kukata video haraka, kujua kichwa gani kinabofywa, hata woga wa kuongea mbele ya simu ulinitoka hapo. Yule kijana unayemwambia akae na video moja wiki mbili, mara nyingi hakai anaiboresha. Anakaa anaogopa. Mwisho haitoki kabisa.

Kipunji:

Mkuu Kihesa, kwenye mechi sina ubishi na wewe. Kitu kinachooza haraka kiuzwe haraka. Habari, michezo, bei za leo sokoni, hivyo vinataka mwendo, na anayeviweza avifanye. Nikumbushe tu wanaoingia huko kwamba habari na matukio mtandaoni yana kanuni zake tangu 2018, zimerekebishwa mara kadhaa baadaye, na leseni inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Msianze kurusha taarifa za ajali za Kitonga bila kujua mnasimama wapi kisheria.

Hoja yako ya woga nimeipokea, ina uzito. Kwa anayeanza kabisa ningesema: rekodi hata kila siku, ila kabla ya kuposti jiulize hii ya leo imerekebisha nini kilichokuwa kibaya kwenye iliyopita. Kama sauti ya juzi ilikuwa mbovu na ya leo ni mbovu vile vile, hujafanya mazoezi, umezoea kukosea. Wapo waliofikisha mamia ya video na bado maiki iko mbali na mdomo.

Kihesa_Juu:

Hapo tumekaribiana. Ila bado nasema kurekodi bila kuposti hakumfundishi mtu. Anayekufundisha ni mtazamaji anayeondoka. Usipomwekea kitu, hatakwambia.

Kipunji:

Kweli, na ndiyo maana sijasema aache kuposti. Mara moja kwa wiki inatosha kukuonyesha walipoondokea, na inakuachia siku za kutafuta kwa nini wameondoka. Anayeposti kila siku hiyo grafu haifungui, hana muda. Muulize yeyote anayeposti kila siku watu wanaondoka dakika ya ngapi kwenye video zake.

*

Mbeta_ya_Kilolo:

Mimi nina chaneli ya mambo ya asili ya kwetu, na niseme jambo ambalo naona halijaguswa: msimu. Ulanzi, ile pombe ya mwanzi, hautoki mwaka mzima. Mvua zikija na machipukizi ya milanzi yakikua ndipo unakata ncha, unafunga mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia), na unarudi asubuhi na jioni kugema na kukata upya kidogo ili ichuruzike. Msimu ukiisha umeisha. Mtu wa Dar anayepika chipsi anaweza kurekodi siku yoyote, mimi nikikosa miezi ile nasubiri mwaka.

Nilichofanya ni kurekodi sana wakati wa msimu na kutoa polepole. Kugema peke yake kumenipa video kadhaa: namna ya kuchagua chipukizi, namna ya kukata bila kuliua, kwa nini ulanzi wa asubuhi ni mtamu na wa kesho yake unakwenda kichwani, wanaouza barabarani wanaubebaje. Kila moja imesimama yenyewe. Mtazamaji anaona chaneli ina uhai hata Agosti, na mimi Agosti nipo kwenye shughuli nyingine.

Kipunji:

Mkuu, ulichoandika ningekibandika juu ya uzi kama ningeweza. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Mei hivi, na karibu kila kitu kinachofaa kuonyeshwa kinafuata hiyo mvua: mahindi, viazi, ulanzi, hata maua ya Kitulo. Ratiba ya chaneli ya nyanda za juu kusini inatakiwa ichorwe kwenye kalenda ya shamba. Rekodi kwa mkupuo kitu kikiwepo, toa kwa utulivu kikiwa hakipo. Ila video ya kupanda iwe imetoka kabla watu hawajapanda. Video ya kupambana na viwavijeshi vamizi ikitoka wakati mahindi yameshabeba haimsaidii mtu mpaka msimu ujao, na wale wadudu tangu waingie nchini 2017 hawasubiri.

*

Mama_Mbalaga:

Jamani habari zenu. Mimi niko Tukuyu, napika vyakula vya kwetu, ndizi zaidi. Nina duka na watoto, muda wa kurekodi ni Jumamosi tu. Wananiambia bila Shorts kila siku sitaonekana. Nifanyeje? Na nimesikia video isipofika dakika nane hailipi, kwa hiyo huwa najitahidi kuivuta.

Kipunji:

Shikamoo mama. Jumamosi moja inakutosha sana. Siku ya kupika, simamisha simu mahali pamoja panapoona sufuria na mikono yako, urekodi mapishi yote mfululizo. Hiyo ni video ndefu. Kutoka humo kata vipande viwili vitatu: ndizi zinavyomenywa bila utomvu kushika mikono, nyama inavyopangwa kwenye sufuria, mchuzi unapoanza kuwa mzito. Hizo ndizo Shorts zako za wiki, na kila moja unaweza kuiunganisha na video ndefu ili anayetaka mapishi kamili aifuate. Hujapika mara mbili wala kuwasha jiko upya. Siku hizi Shorts inaruhusiwa mpaka dakika tatu, ila kipande cha jikoni kikizidi dakika moja kiangalie vizuri kama kweli kina kazi.

Hiyo ya dakika nane imepotoshwa kidogo. Video fupi ya chini ya hapo inaweza kuwa na tangazo mwanzoni. Kinachoanzia dakika nane ni ruhusa ya kuweka matangazo katikati. Ukiivuta mapishi ya dakika tano mpaka yafike nane, watu wataondoka dakika ya nne na hilo tangazo la katikati hawatalikuta. Ndizi zikihitaji dakika kumi na mbili zipe kumi na mbili, zikihitaji tano zipe tano. Na mapato ya matangazo ya video ndefu mwenye chaneli anapata asilimia 55, ya Shorts asilimia 45 ya fungu linalogawiwa watayarishaji. Kwa hiyo video ndefu yako ya Jumamosi usiione kama kitu kidogo.

Mama_Mbalaga:

Marahaba mwanangu, ndaga fijo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuacha.

Kipunji:

Usiache mama. Chakula cha Kinyakyusa kilichorekodiwa vizuri, na anayekipika ndiye anayekielezea, ni kichache sana mtandaoni. Watoto wetu walioko Dar na nje ya nchi wanakitafuta kwa jina na hawakipati.

*

Mlowo_Njia_Panda:

Kwa nini msitumie akili bandia? Sauti inasoma yenyewe, picha zinatengenezwa, unatoa hata video tano kwa siku. Mada ya kuposti mara ngapi inakwisha.

Kipunji:

Haiishi mkuu. Julai 2025 YouTube waliweka wazi zaidi sera yao ya mapato kuhusu video zinazozalishwa kwa wingi kwa kurudia kiolezo kile kile. Kutumia programu kukusaidia hakukatazwi. Ila chaneli ambayo kila video ni sauti ya mashine juu ya picha za kuokota inaweza kunyimwa mapato yote, hata kama umefikisha masaa. Nawaomba kabisa vijana wa Songwe: una Kimondo cha Mbozi hapo jirani, unaweza kwenda, ukaweka kiganja juu ya lile chuma, ukazungumza na watu wanaoishi chini ya kilima cha Marengi. Mashine haiwezi kwenda huko kwa niaba yako.

*

Ludewa_Mpaka_Njombe:

Mkuu nimesoma uzi wote. Mimi ni mkulima wa viazi Njombe, nataka kuanza chaneli ya viazi kuanzia mbegu mpaka soko. Sina kamera, nina simu na muda wa jioni. Nianze na nini, na niposti mara ngapi?

Kihesa_Juu:

Anza leo jioni. Usisubiri Kipunji akuruhusu.

Kipunji:

Namuunga mkono Kihesa, anza leo jioni kurekodi. Ila ya kwanza kuposti ningependa iwe ya lumbesa. Kila mkulima wa viazi anaijua na inamuuma, na wachache wameionyesha kwa mizani. Tafuta gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu, kama wanunuzi wanavyolitaka, ulipandishe kwenye mzani mbele ya simu. Usikate hapo. Acha namba itulie, mtazamaji aisome mwenyewe. Halafu lifungue, toa viazi mpaka gunia libaki na kilo 100 ambazo sheria inasema zisizidi, na vile ulivyovitoa vipime peke yake. Vizidishe kwa bei ya kilo ya siku hiyo. Mkulima anayetazama atajua anapoteza shilingi ngapi kwa kila gunia, na hiyo video ataituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji bila kuombwa.

Usitaje jina la mnunuzi wala kuonyesha sura yake. Ugomvi wako ni na kile kilemba. Rekodi asubuhi kabla upepo haujaanza, maelezo uyasimulie ndani baadaye.

Baada ya hiyo, toa moja kila wiki mbili mpaka mvua zianze. Ukifika wakati wa kupanda ongeza mwendo, kwa sababu kila wiki shambani kutakuwa na kitu kipya cha kuonyesha: mbegu zilizochipua, kupanda, kuinulia udongo, madoa ya ukungu kwenye majani na siku ulizopiga dawa. Ukungu ukikupiga usiufiche, rekodi.

Ukishapima hilo gunia weka kiungo hapa hapa kwenye uzi. Nitaitazama yote, na nitakuandikia dakika niliyotaka kuondoka, kama itakuwepo.

Ludewa_Mpaka_Njombe:

Sawa mkuu. Mzani wa ushirika unapatikana Jumatano, nimeshaongea na mtunza ghala.